Matairi ya Marehemu

Ofisi ya Afya, 4 Machi

Shemeji yangu,

Tangu kile kikao cha ukoo baada ya kumzika kaka hupokei simu zangu. Ukipokea, unasema namba huijui, wakati sauti yangu unaijua kuliko ya redio yako. Basi naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Leo sikuandikii kama shemeji tu. Nakuandikia kama Bwana Afya, ambaye mtaa wenu uko chini ya mikono yake. Hospitali ya mji wako imejaa watu wa kidingapopo, ile homa inayovunja viungo na kuuma nyuma ya macho, ambayo kila mtu anaiita malaria mpaka kipimo kikatae. Ni kirusi, na kinabebwa na mbu. Dawa ya kukiua hakuna. Tunachoweza ni kumnyima mbu mahali pa kutagia, basi.

Vijana wangu wamepita nyumba kwa nyumba kusaka mazalia. Kwingine walikuta kopo hapa, ndoo pale. Walipofika kwenye uwanja wa marehemu kaka wakachota maji ndani ya matairi kwa bakuli jeupe, wakakuta viluwiluwi wanacheza humo kama maji yanachemka. Shemeji, nusu ya mbu wa mtaa ule wanazaliwa kwako.

Amri inakuja. Matairi yote yakabidhiwe yakasagwe, au yawekwe chini ya paa, makavu, yakiwa yamesuguliwa ndani. Mwisho wa mwezi wakikuta hali ni ile ile, watayabeba wao.

Na tukiwa tunazungumza, hebu jiulize. Uwanja mkubwa vile, mwanamke mmoja, mashine ya kujazia upepo inayokohoa kama mzee. Kaka hayupo. Pengine umefika wakati wa kuachana na biashara, na hata na kiwanja chenyewe, ukatafuta mahali padogo ukapumzika. Nasema kwa wema.

Shemeji yako,
Bwana Afya


Uwanjani, 11 Machi

Shemeji,

Barua nimeipata. Kijana wako aliyeileta alisimama getini kaziba pua kama anakabidhi barua kwa choo. Mwambie mpira hauambukizi.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa, maana jirani yangu wa kulia ametoka hospitali juzi, anatembea kainama kama anatafuta sindano chini. Mara ya pili nikafika pale uliposema "nasema kwa wema", nikaacha kuogopa.

Maana siku mbili kabla ya barua yako alikuja mtu hapa. Kavaa viatu vinavyong'aa, ana futi kamba. Hakusalimia. Akaanza kupima kutoka ukutani mpaka kwenye mashine, anaandika kiganjani. Nikamuuliza, "Baba, unapima nini, jeneza?" Akacheka. Akasema, "Usijali mama, nimetumwa na shemeji yako, kiwanja tumeshaongea."

Mmeshaongea! Wewe na nani, shemeji? Na mbu?

Miaka yote ambayo kaka yako alilala chini ya malori ya watu, mgongo kwenye mafuta, hukuwahi kuja kuchota maji kwa bakuli. Matairi yalikuwepo. Mvua ilikuwepo. Mbu walikuwepo. Amefukiwa, na ghafla matairi yana ugonjwa na mjane anahitaji kupumzika. Nikipumzika nitakula nini? Hayo matairi ndiyo nawauzia washona ndala, ndiyo nawakatia watu wa mikokoteni. Watu wananiita Mama Tairi. Nikiyatoa wataniita nani?

Amri yako nimeisikia. Na futi kamba yako nimeiona.

Shemeji yako,
Mama Tairi


Ofisi ya Afya, 17 Machi

Shemeji,

Huyo mtu ana haraka kuliko akili. Nilimtajia tu kwamba huenda siku moja kiwanja kikauzwa. Sikumtuma aje kupima. Nitamwambia asirudi. Tuyaache hayo.

Nakuomba usome hiki kipande kama vile kimeandikwa na mtu usiyemjua.

Mbu tunayemsaka siye yule wa malaria. Huyu ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe. Hatagi mtoni wala dimbwini. Anataga ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na hakuna chombo anachokipenda kama tairi: ndani kuna giza, kuna majani yaliyooza, na maji yakishaingia hayatoki. Sasa hapa ndipo watu wasiponiamini. Ukimwaga maji yale, mayai hayafi. Yanabaki yamegandia kwenye mpira, makavu, madogo kama vumbi la masizi, miezi na miezi. Siku mvua ikiyagusa, yanaanguliwa.

Kwa hiyo ukinikasirikia, nikasirikie. Nitukane. Lakini usiyahamishe hayo matairi. Tairi likihama, mbu kahama nalo. Kuna sehemu za nchi hii mbu huyu bado hajafika, na hazina kingine kinachozilinda.

Nimeongea na wenzangu, wamesema watafika mwisho wa mwezi kama nilivyokuambia. Siwezi kuwazuia. Kwa kweli sitaki kuwazuia.

Shemeji yako,
Bwana Afya


Uwanjani, 20 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mama hajambo? Najua huko kwenu simu mpaka mtu apande kilimani aning'inie kama popo, ndiyo maana namkabidhi dereva wa lori barua hii pamoja na mzigo.

Mzigo wenyewe ni matairi. Usishtuke. Nafanya usafi wa uwanja, nimechoka kuyaruka. Yaliyoisha kabisa ni zawadi kwa chekechea yako. Si ulisema watoto hawana cha kuchezea zaidi ya kuvutana mashati? Mengine yafukie nusu ardhini wayarukie, mengine yatundike yawe bembea. Yaliyo mazima nipangie nyuma ya jiko la mama, nitayafuata mambo yakitulia.

Dereva ameyafunika turubai kwa sababu ya vumbi la barabara. Mama akiuliza maswali, na unamjua kwa maswali, mwambie nimekosa nafasi tu.

Nitakuja kuwaona mwezi ujao. Mwili unataka nyumbani.

Dada yako


Nyumbani kwa Mama, 2 Aprili

Dada!

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Siku lori lilipofika watoto walitoka darasani bila ruhusa, wakalikimbilia kama limeleta pipi. Nilikuwa nafundisha herufi ya "m". Nikasema haya, "m" ya matairi, twendeni.

Wazazi wawili walikuja na majembe, tukayafukia kwa mstari mrefu kuanzia mlangoni mpaka chooni. Tumeyapaka rangi, kila moja yake. Mawili makubwa tumeyatundika kwa kamba. Binti wa fundi cherehani, yule ninayemwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akitafuna, amejitangaza kuwa mwenyewe wa tairi la bluu. Ukitaka kukaa humo unamwomba yeye ruhusa, na yeye anakuambia urudi kesho.

Mvua zimeanza. Maji yanajaa ndani, watoto wanayachota kwa viganja na kurushiana, wanarudi kwao kaptula zimelowa. Fundi cherehani amenitumia salamu kwamba hatashona nyingine bure.

Mama analalamika kuwa matairi yako mazima yamemzibia njia ya kwenda kuanika nguo, lakini nimemwona ameketi juu ya moja akichambua mboga, kwa hiyo usijali.

Kitu kimoja tu: mbu wa huku siku hizi wamekosa adabu. Wanauma saa sita mchana, hata aibu hawaoni.

Asante sana, dada. Hujui umenifanyia nini.

Mdogo wako


Ofisi ya Afya, 9 Aprili

Shemeji,

Nimepewa habari kwamba vijana walifika wakakuta uwanja mweupe, hakuna hata tairi la baiskeli. Nilifurahi mpaka nikamsimulia mke wangu. Nilidhani utanipiga vita.

Kuhusu kile kiwanja, nilikosea namna ya kuingia. Sitasema zaidi.

Ila niambie, matairi yalikwenda wapi? Kiwandani kwa wasagaji wanasema hawajayapokea. Kama uliyauza, nitajie mnunuzi tu, nimtahadharishe. Sitamfanya lolote, wala wewe.

Bwana Afya


Uwanjani, 14 Aprili

Shemeji,

Niliyauza. Mnunuzi simjui, alikuja na gari akaondoka na gari. Uwanja ni safi kama ulivyotaka. Kiwanja kipo, na mimi nipo juu yake.

Mama Tairi


Nyumbani kwa Mama, 15 Mei

Dada,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea ukuta, mwandiko usikushangaze. Kushika kalamu kunauma kama nimeshika kaa la moto. Magoti, viwiko, vidole, nyuma ya macho. Zahanati wamenipima malaria, hakuna. Wamenipima tena, hakuna. Wamenipa dawa za malaria hivyo hivyo.

Si mimi peke yangu. Wiki iliyopita darasani walikosekana watoto watatu. Leo nimeambiwa waliofika wangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja. Chiriku ana homa kali, mama yake anampa asprini.

Ulipokuja mwezi uliopita ukashinda siku zile barazani na kile kijihoma chako, ukasema ni uchovu wa safari, nakumbuka nawe ulisema macho yanauma. Huko mjini si mlikuwa na homa ya namna hii? Waliwaambia mfanye nini? Huku hakuna anayeijua. Kama kuna kitu unakijua, dada, niambie upesi. Dereva anaondoka kesho.

Mdogo wako


Uwanjani, 17 Mei

Mdogo wangu,

Moyo wangu uko juu juu. Fanya hivi haraka. Asprini acheni kabisa, hiyo inafanya mtu avuje damu. Mkimbilie mama yake Chiriku umwambie sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua. Mpeni panado na maji mengi. Mtu akianza kutapika sana au kutoka damu kwenye fizi, asikae nyumbani, apelekwe hospitali ya wilaya. Watoto walale ndani ya chandarua hata mchana. Maji yote yaliyosimama myamwage, ndoo, makopo, kila kitu.

Na yale matairi myafunike, maana mvua inaharibu mpira.

Mungu awaponye. Ningekuja mwenyewe, ila uwanja siwezi kuuacha sasa, kuna watu wanaunyemelea.

Dada yako


Zahanati, 25 Mei

Shemeji,

Utaona mhuri wa huku ushangae. Wilaya iliomba msaada, nikatumwa mimi na vijana watatu na mashine za kupuliza dawa. Nilipoambiwa jina la mahali nikasema huko ndiko kwao shemeji yangu, nitapata pa kunywa chai.

Jana tulianza kwenye chekechea kwa sababu wagonjwa wengi wanatokea pale. Nikaona mstari wa matairi ya rangi. Nikainama kwenye la kwanza, la bluu. Rangi ilikuwa imebanduka kidogo, na chini yake kulikuwa na alama nyeupe ya kaka, ile aliyokuwa anaipiga kwa brashi ili wasimwibie. Nimeiona alama ile tangu nikiwa kijana. Nilikaa chini pale pale kwenye tope, vijana wakadhani nimezidiwa na jua.

Ndani ya kila tairi kuna viluwiluwi. Kila tairi, shemeji.

Sasa yaliyobaki uyasome ukiwa umekaa. Yule mtoto wanayemwita Chiriku, binti wa fundi cherehani, alifariki tarehe kumi na saba asubuhi. Alianza kutoka damu puani, hawakupata gari mpaka jua lilipochomoza. Barua yako ya kuhusu asprini ilifika siku mbili baadaye. Mdogo wako alinionyesha. Aliniambia, "Angalia dada yangu alivyo na akili, angekuwa karibu tungepona." Nikaisoma yote, mpaka pale kwenye mvua inayoharibu mpira.

Leo wazazi waliitana kwenye uwanja wa shule. Niliwaeleza kuhusu mbu na matairi, ilinibidi. Fundi cherehani akanyanyuka akamwuliza mdogo wako mbele ya wote, "Nani alikuambia ulete takataka za mjini wachezee wanetu?" Mdogo wako bado anatembea kwa kushika ukuta. Akasema, "Niliyaomba mimi. Nilitaka wawe na cha kuchezea." Hakukutaja. Wakamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mtu mmoja alimtemea mate kwenye gauni.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na bakuli langu jeupe. Sijui nilimnyamazia nani.

Niambie kitu kimoja. Ulipompelekea matairi, ulimwambia kuna amri?

Bwana Afya


Uwanjani, 30 Mei

Shemeji,

Sikumwambia.

Nimeshika kalamu tangu asubuhi, na hilo ndilo neno nililopata. Sikumwambia. Nilitaka yapite tu huo mwisho wa mwezi wenu, kisha niyarudishe. Nilijua unataka kiwanja. Nilijua mtu mwenye futi kamba hawezi kuwa anasema kweli kuhusu mayai madogo kama masizi. Nani angeamini? Mayai makavu yanayofufuka! Nilicheka, nakuapia, niliisoma barua yako mbele ya mshona ndala mmoja tukacheka wote.

Ungenijia kama mtu, ukaniambia shemeji kiwanja nakitaka na mbu pia wapo, ningekutukana kwa la kwanza na kukusikiliza kwa la pili. Wewe uliyafunga yote kwenye bahasha moja.

Niambie ukweli, mimi ndiye? Na ile homa niliyokwenda nayo? Nilidhani ni uchovu. Chiriku alikuja barazani nikiwa nimelala, akaniuliza kama mimi ndiye mama wa matairi. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi anataka na la njano.

Nakuomba usiliandike jina langu popote. Mama ni mzee. Na mdogo wangu, yeye hana mtu mwingine zaidi yangu. Akijua nitamkosa.

Mama Tairi


Zahanati, 5 Juni

Shemeji,

Umeniomba ukweli. Mtu mwingine ningemdanganya.

Mbu wa aina ile hawakuwepo hapa. Tumetafuta nyumba kwa nyumba. Wako karibu na chekechea na nyuma ya jiko la mama yako, na kadiri unavyokwenda mbali wanapungua mpaka wanakwisha. Walikuja na matairi. Lakini mbu mwenyewe anazaliwa safi karibu kila mara. Kirusi anakipata kwa kumuuma mtu mwenye nacho. Wa kwanza kuwa na homa hiyo hapa, kwa kadiri nilivyouliza, ni mgeni aliyelala barazani mwezi wa Aprili. Inawezekana kulikuwa na msafiri mwingine. Siwezi kuapa kwamba hakuwepo. Wala siwezi kukuambia kwamba nadhani alikuwepo.

Kuhusu bahasha moja, ni kweli. Yule mtu wa viatu vya kung'aa nilimwahidi kiwanja kabla hata sijaenda kuona matairi. Amri ilipokuja niliiona kama bahati. Nimefanya kazi hii nusu ya umri wangu nikiwashawishi watu waamini kitu wasichokiona, na siku niliyomhitaji mtu mmoja aniamini, nilikuwa nimeshajichafua mdomo. Nalala na hilo.

Kwenye taarifa nimeandika kwamba matairi yaliletwa kutoka nje ya eneo. Wizara haihitaji zaidi ya hapo, inataka kujua barabara gani, siyo dada gani. Matairi yote tumeyabeba, hata mazima. Usiyangojee.

Kwa mdogo wako mimi sitasema. Utasema wewe. Shule imefungwa, wazazi hawamwamini hata na mbuzi, na kila asubuhi anatoka na vijana wangu kumwaga maji ya watu. Wengine wanamfungulia geti, wengine wanamwambia amwage na damu ya mtoto. Anaendelea nyumba inayofuata. Usimwache abebe kisichokuwa chake.

Shemeji yako


Uwanjani, 12 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Nimesikia shule imefungwa, nimeumia sana. Watu wa huko hawana shukrani. Ulitaka mema. Kumbuka ugonjwa ni ugonjwa, hauna mwenyewe, unakuja kwa njia zake.

Nimekutumia kitambaa cha gauni. Kuna jambo nataka tuongee, lakini si la barua. Nitakuja uwanja ukitulia kidogo.

Dada yako


Nyumbani kwa Mama, 19 Juni

Dada,

Kitambaa nimekirudisha na lori lile lile. Fundi cherehani ndiye pekee mtaani anayeshona, na sina uso wa kumpelekea.

Dereva alipokuja alishangaa kukuta matairi hayapo. Akanisimulia huku anacheka, jinsi ulivyopata barua ya watu wa afya, jinsi mlivyotandika turubai kuwakwepa, jinsi ulivyomwambia asipite barabara kuu kwa sababu ya kizuizi. Alidhani najua. Nilicheka naye, dada. Sikutaka ajue kwamba sikujua.

Kisha nikaenda kwa shemeji yako kwenye zahanati. Nikamwuliza swali moja, "Alikuwa na barua yako kabla hajatuma matairi?" Akaanza kuosha bakuli ambalo lilikuwa safi.

Nataka uelewe ninachokasirikia. Ningesimama mbele ya wale wazazi hata kama ningejua. Wewe ni dada yangu, ulinilipia chuo kwa viganja vyeusi. Ningesimama vile vile na kusema maneno yale yale. Lakini ningesimama nikijua. Wewe uliniacha niseme uongo nikidhani nasema kweli.

Na ile barua yako. Asprini ulijua. Chandarua cha mchana ulijua. Ulipofika kwenye matairi, kalamu yako ikakumbuka mvua inaharibu mpira.

Usiniandikie tena. Njoo. Fundi cherehani anakaa nyumba ya tatu, unaifahamu. Yote unayotaka kuniambia, kamwambie yeye kwanza.

Mwalimu


Nyumbani kwa Mama, 3 Julai

Shemeji,

Nimesikia umesharudi ofisini, ndiyo maana naandika huko. Uwanja nimeufunga kwa kufuli. Kama mtu wako anataka kupima, apime; sitamfukuza wala sitamuuzia.

Nilikwenda kwa fundi cherehani siku niliyofika, kabla sijatua begi. Nilimkuta barazani, mguu uko kwenye mashine. Hakuacha kushona. Nikaketi chini nikamwambia kila kitu, amri yako, turubai, homa niliyokuja nayo, barua ya mvua na mpira. Cherehani ilikuwa inakwenda muda wote, nikawa napandisha sauti ili anisikie. Nilitaka anirukie na mkasi. Ingekuwa nafuu.

Nilipomaliza akakata uzi kwa meno. Akasema, "Yule mwalimu nilimtukana."

Nikasema, "Najua."

"Hujui. Ndiye aliyekuwa anamfuta mwanangu kamasi. Siku ya msiba aliosha vyombo vyangu na homa yake mwilini. Nikamwita muuaji mbele ya watu, na wewe ulikuwa na barua. Umeniulia mtoto kwa kutojua, hilo labda siku moja nitalinyamazia. Lakini matusi yale uliniacha niyatoe ukijua."

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Simama, unanizibia mwanga."

Jumamosi wazazi wanaitana tena kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti amekubali nizungumze. Mama ameambiwa, ameuliza maswali yake yote, sasa amenyamaza, na hilo sijawahi kuliona.

Nilidhani nikishasema, kitu kitalegea. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia, na sisi wawili hatuna tena cha kufichana. Hakuna kilicholegea. Mdogo wangu hanisemeshi. Asubuhi anatoka na ndoo yake kwenda kumwaga maji ya watu, nikitaka kumfuata anasimama njiani mpaka nirudi. Jana mchana alirudi, akapika, akanipakulia sahani nzuri, nyama kubwa kaiweka juu kama nilivyozoea. Akaiweka mezani mbele yangu, akachukua yake, akaenda kula nje, amesimama.

Nikala. Nilikuwa na njaa, shemeji. Nikamaliza yote.

Shemeji yako